Uzi Mwekundu wa Wamama wa Alhamisi

Karimi mjukuu wangu ameandikwa kazi kwa ile ofisi nilitoka mimi, ofisi ya kufuatilia wagonjwa wa kansa, na leo ameniletea wenzake ati niwafundishe. Wamefanyiwa semina wiki nzima kwa hoteli, wakapewa na begi. Sasa wamekuja kwa mtu wa darasa la tatu. Karibuni. Kunyweni uji, na huyu wa miwani awache kuangalia saa, hapa kwangu Kanja hakuna mtu anafukuzwa na wakati.

Nyinyi mnajua kompyuta, mimi sijui. Lakini kompyuta haijui kama mtu ako hai. Hiyo lazima mtu atoke kwa kiti aende akaangalie. Huyo mtu nilikuwa mimi.

Nilianza na ufagio. Nilikuwa nafagia korido ya hospitali huko mjini, na mwisho wa korido kulikuwa na chumba cha mafaili, na ndani yake alikaa Bwana Mutugi. Mzee mrefu, sweta moja, sukari vijiko vitano. Alikuwa na kitabu kikubwa cha kijani. Kila mtu aliyeambiwa na daktari ako na kansa, jina lake liliingia hapo: anatoka wapi, kansa ni ya nini, aliambiwa mwaka gani. Halafu mwisho wa mstari kulikuwa na nafasi tupu. Siku moja nikipanguza meza nikamuuliza hiyo ni ya nini.

"Ni ya kuandika kama bado ako," akasema.

"Na utajuaje, na wewe hutokangi hapa?"

Akakoroga chai. Kesho yake akaniuliza kama najua njia ya Kanja. Nikamwambia Kanja ndiyo nimeolewa, ya Runyenjes naijua, na mahali sijui nina mdomo wa kuuliza. "Basi weka ufagio chini," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa intaviu yangu. Yenu Karimi ameniambia mlikuwa watu wengi kwa benchi na tai mmeazima.

Sasa wacha niwaambie zile laini, kwa sababu nasikia huko semina waliwachanganya.

Mutugi alitaka kujua kitu moja tu. Mtu akiambiwa siku hizi ako na kansa, anakaa na sisi kuliko yule aliyeambiwa zamani, ama tunapiga kelele bure? Akapigilia bodi kwa ukuta. Kila mwaka akaupatia laini yake. Si mwaka mtu alikufa, hapana, ni mwaka ule aliambiwa ako nayo. Wote wa huo mwaka wanaanza pamoja hapa juu kwa pembe, kama watoto wa shule wakingoja firimbi. Laini inaenda upande wa kulia vile miaka inaenda. Mmoja wao akifa, inashuka ngazi. Ukiona laini inateremka mbio kama njia ya kwenda mtoni, huo mwaka ulikuwa mbaya. Ukiona inatembea huko juu kama mama ametoka kanisani hana haraka, unashukuru.

Kalamu za rangi zikaisha. Ofisi ikasema tuandike barua. Mimi nikaona hiyo barua itatupata tumezeeka, nikaleta uzi wangu wa sweta. Mwaka wa kwanza ukapata kijani, nilikuwa nimebakisha wa sweta ya shule. Uliofuata bluu. Pini hapa, pini pale. Mtu akifa nachomoa pini, nashusha uzi, narudisha pini. Mutugi alisema yeye mikono yake ni ya kalamu, hiyo ya uzi ni yangu, na akanionya nisivute sana. "Rwamba," akasema, "ukivuta unaua mtu mwingine."

Na msione ngazi mkafikiri ni ngazi. Pale uzi wa bluu unashuka mara ya kwanza ni Ciambaka, aliyekuwa anafundisha watoto wa kanisa na kuimba kwa pua. Hiyo siku nilishika pini nikaiachilia mara mbili. Mutugi akatoka nje akaenda kuangalia mvua, na mvua haikuwa inanyesha.

Watu wakubwa walikuja kuona bodi yetu. Mmoja, tumbo mbele, akaangalia ule mwaka mpya kabisa, uzi mfupi kama kidole, akatikisa kichwa. "Huu mwaka ulikuwa mbaya sana, umeisha hapa tu." Mutugi akamwambia pole pole, "Mheshimiwa, haujaisha. Bado unatembea. Hawa waliambiwa juzi, sasa watakuwa wameishi miaka kumi vipi?" Yule wa tumbo akasema alikuwa anatujaribu. Nyinyi pia mtajaribiwa hivyo. Mkubali.

Wacha nirudi kwa miguu, hiyo ndiyo kazi.

Usiende na faili. Ukiingia kwa boma ya mtu na faili, mbwa mwenyewe anajua umeleta habari mbaya. Mimi nilibeba miche ya kabeji. Mtu wa huku hawezi kukufukuza na umebeba miche. Unasema umepita tu, miche imebaki, kwani mama wa hapa ako shambani? Akiwa shambani, umemuona. Akiwa amelala, utaambiwa. Angalia kamba ya nguo. Angalia kama jiko limewashwa na nani. Na usiende siku ya soko, utapata kuku peke yao.

Na usihesabu watu. Hii Karimi anacheka, lakini andika. Sisi wa huku tulilelewa tukiambiwa watu hawahesabiwi kwa mdomo, wala watoto, wala mbuzi. Ukienda kwa mama umuulize wamebaki wangapi, atafikiri unataka kupunguza. Mimi nilirudi ofisini na majina, moja moja, kwa kichwa. Kuhesabu nilimwachia Mutugi, yeye alikuwa mzee wa kanisa, na Mungu wangejuana.

Sasa ngojeni niwachekeshe na ujinga wangu. Kulikuwa na mama anaitwa Wanja, wa uzi wa kijani, anaishi mbali huko juu karibu na msitu. Mimi nimechoka, kilima kimenimaliza, nikasimama kwa geti nikauliza kijana wa kukata nyasi, "Wanja ako?" Akasema ako, ametoka kula sasa hivi. Nikashukuru nikarudi. Mwaka uliofuata, hivyo hivyo. Wanja ako? Ako, anacheza na maji. Mimi nikaona huyu mama amepona vizuri, hadi anacheza na maji. Mwaka wa tatu nikaingia ndani. Wanja alikuwa mtoto wa miaka minne, amepewa jina la nyanya yake vile sisi hupeana, na nyanya alikuwa amezikwa nyuma ya migomba kitambo.

Mutugi alipoacha kucheka alisema, "Rwamba, umefufua mtu ukamweka miaka miwili. Hata Lazaro hakupewa hiyo." Akaniambia nishushe uzi mwenyewe. Kuanzia hapo sikuuliza jina kwa geti. Nilitaka uso.

Lakini hilo si kosa lile kubwa. Lile kubwa nilifanya na macho wazi, na hilo ndilo Karimi alitaka niseme. Mwenyewe wa hii hadithi, Igoki, amenipa ruhusa. Nilimuuliza jana. Amesema niseme, lakini nisiseme kilo zake.

Kulikuwa na sista wa hospitali anaitwa Kananu, Mmeru, mdogo wa mwili, sauti ya mwenyekiti. Alifungua chumba hapa kwa dispensari ya Kanja, kila Alhamisi, wamama waje waangaliwe matiti na huko chini kabla ugonjwa haujashika. Mwaka ule chumba kilifunguliwa tukaupatia uzi mwekundu. Sote tulikuwa tunangoja huo uzi utembee juu kuliko zile zingine. Kwa sababu gani? Kwa sababu hawa walipatikana mapema. Ni kama mahindi, ukiona mdudu wakati jani ni changa, utavuna.

Wa kwanza kupatikana kwa hicho chumba alikuwa Igoki. Igoki ana bucha Runyenjes, bwana yake alimwachia, na panga anashika kama alizaliwa nalo. Akapatikana na uvimbe mdogo kama mbegu ya maharagwe. Akaenda, akakatwa titi moja, akatibiwa, akarudi bucha. Mimi ndiye nilimshonea titi ingine ya uzi, ya kujaza upande ule wa sidiria. Ya kwanza nilishona kubwa, akaniambia, "Rwamba, umenipa la msichana na hili lingine ni la mzee, nitatembea nikizunguka." Nikapunguza.

Siku nilimpelekea ile ya pili akafunga mlango wa nyuma.

"Hao watu wako wa kitabu," akasema, "wakikuuliza kama umeniona, hukuniona."

"Kwa nini, na wewe umepona?"

"Ndiyo maana. Aliyekufa hana aibu tena. Mimi nina msichana wa kuolewa. Nyumba ikisemekana iko na hiyo kitu, nani ataleta mbuzi hapa?"

Nikaona ni neno ndogo. Nikamwambia, "Sikukuona." Basi Igoki akaambia mwenzake wa Alhamisi, naye akaambia mwingine. Wakaanza kunijia, mmoja kwa maji, mmoja kanisani, mmoja alinisimamisha nikivuka daraja. Rwamba, hukuniona. Sikukuona. Kila mmoja mzima kama ng'ombe. Nikirudi kwa Mutugi namwambia huyu sikumpata, huyu nasikia alihama, huyu geti lilikuwa limefungwa. Mutugi hakusumbuka. Asiyepatikana alimwacha juu tu pamoja na wazima. Alisema mtu wa huku akifa utasikia, gari la matangazo litapita na spika.

Kwa hivyo uongo wangu ulikuwa unalala vizuri, hausumbui mtu.

Mutugi akastaafu. Akaja Kinoti, kijana wa Nkubu, degrii, viatu vya kuchongoka. Kila mtu alimwogopa isipokuwa mimi, kwa sababu nilimwona siku ya kwanza akiangalia bodi ya uzi, akafikiri hakuna mtu, akaigusa na kidole pole pole kama mtoto mchanga. Aliingiza kitabu chote cha kijani kwa kompyuta. Wiki mbili hatoki. Halafu akaniita cucu, nyanya, vile alinizoea.

"Cucu, kuja uone."

Nikaona laini zote zimekaa vile nilizipanga na uzi, karibu. Isipokuwa nyekundu. Nyekundu ilikuwa imeanguka chini ya bluu, chini ya kijani, chini ya kila mtu, inateremka mbio mbio.

"Hiyo kompyuta imelewa," nikasema.

"Haijalewa. Na kuna mkutano. Wakubwa wanakuja kuangalia pesa za Alhamisi zinafanya nini. Wakiona hii, watafunga chumba cha Kanja wampeleke Sista Kananu kwingine. Watasema wamama waliangaliwa mapema na bado wakafa haraka kuliko wa zamani."

Nikamuuliza, kwani umewaandika hawa wote wamekufa? Nikaanza kupandisha sauti. Akavuta kiti nikae. Huyo kijana ana adabu, viatu tu ndivyo vilinidanganya.

"Sijaua mtu, cucu. Mtu hajaonekana siku nyingi, siwezi kusema ako hai, na siwezi kusema amekufa. Kwa hivyo namtoa kwa hesabu siku ile alionekana mwisho. Ndivyo inafanywa kila mahali. Nabaki na wale wanaonekana."

"Na wale wanaonekana?"

"Kwa huu mwaka wa nyekundu, wanaoonekana ni wagonjwa sana. Wanaofika wodi. Wanaozikwa. Hao wengine wote, kila mstari umeandikwa: hakupatikana, hakupatikana, alihama. Sijawahi kuona mwaka watu wamehama hivi. Walienda wapi?"

Nilikaa hapo kwa kiti nikaona vile nimefanya. Ni kama mtu amekuja kupiga watoto wako picha, ukaficha wale wanene nyuma ya nyumba kwa sababu ya jicho la watu, halafu picha ikitoka wanasema hii boma ina njaa. Mutugi alikuwa anawaacha wanene kwa picha bila kuwaona. Kinoti alitaka kuwaona. Kinoti alikuwa sawa. Mwenye makosa alikuwa mimi, nimekaa hapo nakunywa chai ya Kinoti kwa kikombe cha Kinoti.

Nikamwambia, "Hawakuhama."

Akanielewa pole pole. Aliweka mkono kwa kichwa.

"Cucu. Wote?"

"Usiniulize hivyo. Wengi wako. Mmoja alinikanyaga juzi akikimbilia mkate."

"Basi nipe majina niandike umewaona."

Na hapo ndipo nilikwama, wajukuu. Neno nilikuwa nimepeana kwa kila mmoja. Mtu wa darasa la tatu hana cheti, ana neno. Nikamwambia anipe siku kidogo niende nikaombe neno langu.

Nikaenda Runyenjes kwa Igoki. Nilijua Igoki akikubali hao wengine watafuata, na akikataa hakuna hata mmoja atafungua mdomo. Bucha ilikuwa imejaa, nikangoja. Aliniona akakatia mtu mwingine nyama, tena mwingine, ananiruka.

"Wewe unataka nini? Wewe nyama unanunua Krismasi."

"Nataka kuongea."

"Kuongea hakuna hapa, kuna matumbo na kuna mifupa."

Watu wakaisha. Nikamwambia yote: laini, kompyuta, mkutano, Kananu. Alikuwa anasugua gogo la kukatia na chumvi, hanitazami.

"Wageni wanakuja Jumamosi," akasema. "Wa kuposa msichana wangu, Wawira. Watu wa Kangeta, familia ya miraa, watu wanajiona. Mama ya kijana ni mkali, nasikia anauliza hadi ng'ombe walikufa na nini. Na wewe umechagua wiki hii."

"Mimi sikuchagua. Mkutano ni Ijumaa."

"Ungoje Jumatatu."

"Wakubwa hawangoji Jumatatu, Igoki. Chumba kitakuwa kimefungwa."

"Kifungwe. Mimi nilishapona."

Nikasema sawa. Nikasimama. Mkinisikiliza hata neno moja leo, sikizeni hili: ukiwa na neno kali, liseme ukiwa umeshasimama, ukiwa karibu na mlango.

"Wawira ni wa tumbo lako," nikasema. "Sista alisema hii kitu hupenda kufuata damu. Yeye akitaka kuangaliwa ataangaliwa wapi?"

Akaweka brashi chini. Nilifikiri atanijibu. Akafunga mfupa mkubwa wa supu kwa gazeti, akanipa, hakutaka kitu. "Enda nyumbani, Rwamba. Na usirudi hapa na kabeji."

Nilirudi na mfupa na sikupika. Nilijua nimemuumiza, na sikujua kama nimesaidia mtu.

Ijumaa ikafika. Chumba cha mikutano, maji ya chupa, mandazi chini ya kitambaa. Sista Kananu alikaa kwa kona na mikono kwa magoti. Ile sauti ya mwenyekiti haikutoka. Kinoti akaonyesha laini kwa ukuta. Zikaja, kijani, bluu, zote, halafu nyekundu ikaanguka. Mkubwa mmoja, mama wa wigi nzuri, akasema, "Kwa hivyo hiki chumba hakijasaidia."

Kinoti akasema, "Kabla ya hapo, kuna mfanyakazi wetu anataka kusema."

Nikasimama. Nikasema, "Mimi ndiye niliharibu hiyo laini. Nilificha watu."

"Uliwaficha wapi?"

"Kwao. Wamekaa kwao, ni wazima. Waliniomba nisiseme nimewaona, na mimi sikusema."

Wakaangaliana. Yule mama wa wigi akaniuliza, si kwa ubaya, "Ni wangapi?"

"Watu hawahesabiwi, madam."

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka, nadhani ni mtu wa huku. Lakini akasema, "Mama, mimi nakuamini. Lakini siwezi kuacha chumba wazi kwa sababu ya watu hawana majina. Nipe hata mmoja."

Na mimi nikasimama hapo na majina yote kwa ulimi. Igoki, na wa daraja, na wa mkate. Nikimeza, chumba kimefungwa. Nikitema, Wawira hajaolewa na mimi sina neno tena. Kinoti akanisogezea maji. Nikasema, "Siwezi. Siyo yangu."

Nikakaa. Sista Kananu akaanza kukusanya karatasi zake.

Hapo nje kukawa na kelele, askari wa geti anabishana na mtu, na sauti ya huyo mtu ningeijua hata kwa soko la Jumamosi. Mlango ukafunguliwa. Igoki na aproni yake ya bucha, damu ya asubuhi bado iko.

"Huyu anasema lazima nivae kadi," akasema. "Mimi naitwa Igoki. Nilipatikana Kanja, Alhamisi, na huyu sista hapa. Niko."

Akageukia ukuta.

"Laini yangu ni gani?"

Kinoti akamwonyesha. Igoki akaiangalia vile anaangalia ng'ombe ameletewa akiwa amekonda.

"Hiyo si yangu. Rekebisha hiyo. Na hao wengine wako nje kwa kivuli, wanaogopa askari. Waambie waingie."

Wakaingia, wengine wamejifunika leso hadi kwa pua. Mmoja baada ya mwingine akasema jina lake na mahali alipatikana. Kinoti anaandika, na kila jina likiingia ile nyekundu inajivuta juu kidogo, kidogo, mbele ya macho ya watu. Haikufika juu kabisa. Wale tulizika tulizika, na ngazi zao zilibaki pale pale. Lakini ilipita bluu, ikapita kijani, ikatembea huko juu yake peke yake.

Yule madam akatoa kidole akaanza, moja, mbili. Igoki akamwambia, "Usituhesabu. Tuandike tu."

Wakaandika. Wakasema chumba kibaki, na mwaka ujao waje kuangalia tena, na mimi nikaitwa pembeni nikaonywa vikali nisifiche mtu tena. Nilistahili. Na nyinyi nawaonya vile nilionywa: mtu akikuomba usiseme umemuona, mwambie jina lake halitatoka ofisini, na hiyo uishike kama roho yako. Lakini usimfute. Ukimfuta unamzika.

Mutugi aliposikia alikuja kwangu na kilo moja ya sukari, akasema alikuwa anajua kitambo. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema nilikuwa nadanganya vibaya sana, na alitaka kuona hao watu watahamia wapi mwisho.

Jumamosi wageni wa Kangeta walikuja. Mimi nilikuwa jikoni napika mukimo, sikio liko sebuleni. Kila gari likipiga honi nje Igoki anashika kifua upande ule, anafikiri kuna mtu ameleta maneno. Mama ya kijana, Mama Mutwiri, alikuwa vile alisemwa, mnene, kitambaa cha bei, anauliza maswali na kijiko mkononi. Lakini alikula, akachukua tena, wakapatana siku ya kurudi, na hakuna aliyesema kitu.

Alhamisi iliyofuata Igoki akamleta Wawira hapa Kanja aangaliwe. Mimi nilikuwa nimekaa kwa benchi ya dispensari, ilikuwa siku yangu ya kupumzika lakini miguu haijaambiwa. Wamama walikuwa kwa laini, na mmoja alikuwa amejifunika shuka kichwani, ameangalia ukuta. Igoki akakaa karibu naye. Akamwangalia viatu. Akamwangalia tena.

"Mama Mutwiri?"

Ile shuka ikavutwa chini zaidi.

"Kangeta yote hakuna dispensari," Igoki akasema, "umepanda gari alfajiri mpaka Kanja?"

Shuka ikageuka. "Kangeta wananijua," akasema Mama Mutwiri. "Huku nilifikiri hakuna mtu ananijua. Miaka yote nakuja hapa. Tangu nitolewe." Akashika tumbo chini, pale kizazi kilikuwa. Halafu akamwona Wawira, akamwona Igoki vizuri, na ule upande wa Igoki. "Na wewe umefuata nini?"

Wawira akawa anaangalia kucha zake.

"Nimefuata hiyo hiyo," Igoki akasema.

Sista Kananu akafungua mlango, sauti imerudi. "Anayefuata." Hakuna aliyesimama. Akarudia. Wale wamama wawili wakaanza kusukumana na viwiko, wewe tangulia, hapana wewe ni mgeni, mpaka sista akachoka akawaambia waingie wote.